Kijiji kichague kimoja: kivuko cha korongo au ghala? (Chamwino)

Mama Alizeti (mwanzisha mada)

Mbukwenyi ndugu zangu.

Ni mkulima wa Chamwino, ukanda wa Mvumi. Nalima alizeti na karanga, na nina eka moja ya zabibu niliyoachiwa na marehemu baba. Kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 niliingia halmashauri ya kijiji, na sasa kuna jambo linaninyima usingizi.

Tumekaa mkutano wa kuibua miradi, ule wa Fursa na Vikwazo. Afisa aliyetoka wilayani alituambia wazi kwamba mradi unaopata msukumo haraka ni ule ambao wananchi wameshauanza: wamesogeza mawe na mchanga, wamechimba msingi. Nguvu zetu zinatosha kuanza kimoja tu, na kijiji kimegawanyika. Vitongoji viwili vya ng'ambo vinataka kivuko kwenye korongo. Wa senta wanataka ghala. Mkutano mkuu wa kijiji unaokuja ndio utaamua, na mimi nimepewa kazi ya kuandaa hoja za pande zote mbili.

Korongo lenyewe mtu wa Dodoma analijua hata asipoliona. Sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu, unavuka na baiskeli ukiisukuma. Ikinyesha milimani, hata sisi tukiwa na jua, maji yanashuka ghafla, yanapita saa chache, yanaondoka. Hizo saa chache hazituumizi sana. Kinachotuumiza ni kingo. Kila maji yakipita yanakata ukingo, inabaki ngazi ambayo gari haipandi mpaka vijana waichonge kwa majembe na sururu. Ikija mvua nyingine, kazi yao imeenda na maji.

Zabibu huku tunavuna mara mbili kwa mwaka, na mavuno ya kwanza yanaangukia Februari na Machi, korongo likiwa limechachamaa. Zabibu haina subira. Ikiiva na kunyeshewa inapasuka, na ukiikalisha kwenye kreti inaanza kuchacha. Wanawake wa ng'ambo wanavusha kreti kichwani, maji ya magotini, mtoto mgongoni. Wanaoshindwa wanauza kwa anayekuja na pikipiki, kwa bei anayoitaja yeye.

Alizeti tunavuna Mei na Juni. Korongo limekauka lakini kingo bado zimekatika, kwa hiyo dalali anafika, anatazama, anatoa bei ya ng'ambo. Kuvusha ni juu yako. Na gunia analolitaka ni la lumbesa, lililoshindiliwa kupita kipimo.

Wenzetu wa ghala nao wana haki yao. Alizeti inapopigwa inalala ndani na watoto, panya wanakula, na mwenye shida ya hela anauza wiki hiyo hiyo ambayo kila mtu anauza. Miezi michache baadaye bei imepanda na yeye hana hata debe.

Tuanze na kipi? Na niandike vipi ili wataalamu wasiturudishie karatasi? Naomba hasa waliofanya kazi kwenye makorongo ya mchanga.

Dereva Kibaigwa

Shikamoo mama. Naendesha Fuso, nabeba nafaka kuleta soko la Kibaigwa na mara nyingine hadi Dar. Nikwambie tunavyopiga hesabu, maana watu wa mipango hawatuulizagi.

Kwenye lami nahesabu mafuta na muda. Nikiingia vumbi naongeza springi na tairi. Penye korongo lisilo na kivuko naongeza kitu kikubwa kuliko vyote: kulala ng'ambo na mzigo. Gari ikilala, tajiri amepoteza safari ya kesho, na mzigo ukinyeshewa ni kesi. Hiyo hofu naiweka kwenye nauli hata siku jua linawaka, kwa sababu siwezi kujua huko juu kukoje. Kwa hiyo njia inaweza kuwa kilometa kumi na mbili nzuri kabisa na korongo la mita arobaini, na hizo mita arobaini ndizo zinapanga bei ya gunia lako.

La pili ni mzigo kutawanyika. Nikizunguka nyumba moja moja kuokota magunia matatu hapa, manne pale, siku imeisha. Kijiji chenye mzigo umekusanywa sehemu moja nakipa nauli ya chini bila kuombwa, hata kama ni chini ya mti na turubai. Hilo mnaweza kulifanya msimu huu huu bila kusubiri bajeti ya mtu.

Fundi Mstaafu

Salaam mwanangu. Nimefanya kazi za barabara za vijijini miaka mingi, sasa nimepumzika Mpwapwa na mbuzi wangu. Swali lako nalijibu kwa urefu kwa sababu nimeona vijiji vingi vikipoteza miaka hapo.

Anzeni na kivuko. Lakini andikeni kivuko, msiandike barabara. Kijiji kinaandika "tunaomba barabara ya changarawe kilometa 15" na barua inakaa kwenye faili, kwa sababu hakuna bajeti ya wilaya inayomeza kitu hicho kwa kijiji kimoja. Tembeeni njia yote na daftari. Mtakuta sehemu kubwa inapitika mwaka mzima, na pana pointi mbili au tatu zinazoikata: korongo, mteremko mmoja, mbuga moja ya udongo mweusi. Tibuni pointi hizo, mengine yatasubiri greda.

Kabla ya yote, ulizieni kama njia yenu imo kwenye orodha ya mtandao wa barabara za TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Wakala huo ulianza 2017, na ndio unaoshika barabara za wilaya: za mkusanyo, za mlisho na za jamii. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, wakala mwingine wa serikali. Njia isiyo kwenye orodha haiwezi kupangiwa fedha za matengenezo hata ikiwa mbovu kiasi gani. Tangu bajeti ya 2021/22 kila lita ya petroli na dizeli inakatwa Sh 100 kwa ajili ya barabara hizi. Bodaboda wa kijijini kwenu anachangia kila akijaza tangi, kwa hiyo mnapoomba msijione ombaomba. Kama haimo, kikao cha kijiji kiazimie, muhtasari upite Kamati ya Maendeleo ya Kata, diwani aupeleke mbele. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na mipango inafungwa miezi mingi kabla. Wazo likifika wilayani Aprili linahesabiwa la mwaka mwingine.

Sasa kivuko chenyewe, na hapa naomba unisome taratibu.

Watu wanapenda kalavati za mabomba kwa sababu zinaonekana na kupigwa picha. Korongo la mchanga linabeba magogo, miiba na mchanga mwingi. Bomba linaziba kwenye mafuriko ya kwanza, maji yanatafuta njia pembeni, yanakula tuta la kuingilia, na mnabaki na kalavati limesimama katikati peke yake, gari haliwezi kulifikia upande wowote. Mahali penu panataka drifti: sakafu ya zege au ya mawe na saruji, iliyolala sawa na kitanda cha korongo, maji yapite juu yake. Saa zile za mafuriko hakuna anayevuka. Yakipungua, gari linapita kwenye sakafu ngumu badala ya mchanga.

Drifti haifi kwa maji yanayopita juu, inafia upande wa chini. Maji yakidondoka toka kwenye sakafu yanachimba shimo, shimo linarudi nyuma taratibu, sakafu inabaki inaning'inia kisha inapasuka. Ndiyo maana pawe na ukuta wa kwenda chini kwenye kingo zote mbili za sakafu, wa upande wa chini uende kina zaidi, ukiwezekana ufike mwamba, na mbele yake pamwagwe mawe makubwa. Msikubali sakafu iliyoinuliwa juu ya mchanga ili ipendeze. Ikiinuka, mmejenga bwawa bila kukusudia, na maji yatakata ukingo pembeni.

Kuhusu zile kingo ulizosema, sakafu peke yake haiwasaidii. Njia ya kushukia na kupandia ichongwe kwa mteremko mpole, ipangwe mawe na saruji mpaka juu ya alama ya mafuriko makubwa. Waulizeni wazee maji yaliwahi kufika mti gani, mpige alama ya rangi. Wekeni nguzo zenye mistari ya kuonyesha kina, ili dereva kama huyu wa Kibaigwa aone mwenyewe. Nimezika watu waliovuka kwa kubahatisha, sitaki kusikia tena.

Ninyi mna utajiri ambao wengine hawana: mawe. Kigoma TARURA wamejenga madaraja ya mawe ya upinde bila nondo, kwa gharama ndogo kuliko ya zege, na mafundi wengi ni wa vijijini kule kule. Korongo lenu huenda ni pana mno kwa upinde, lakini mwulizeni mhandisi wa wilaya kwa vijito vidogo vilivyobaki.

Halafu hesabu. Mtaalamu anasoma namba kabla ya kusoma machozi. Tuseme ng'ambo inatoa magunia 4,000, na kila gunia linakatwa Sh 3,000 kwa sababu ya kuvusha. Hapo kijiji kinapoteza Sh milioni 12 kila msimu kwa alizeti tu. Usitumie namba zangu, hizo ni mfano. Kusanyeni zenu kitongoji kwa kitongoji, kila kaya itaje ilichouza, wapi, na nauli ilikuwa ngapi. Kisha zabibu zilizooza, wajawazito waliochelewa, watoto wasiofika shule. Ukurasa mmoja unatosha.

Binti Kondoa

Dada yangu, mimi naongelea ghala maana kwetu lipo.

Lilijengwa zuri, bati linang'aa. Halikuwekewa sakafu ya kuanikia, mizani, wala chaga za kupangia magunia. Msimu wa kwanza watu waliingiza karanga zikiwa bado na unyevunyevu, zikalala chini kwenye sementi, zikaota ukungu. Msimu wa pili hakuna aliyeleta. Sasa wanahifadhi viti vya harusi.

Huku kwetu ukungu wa karanga na mahindi siyo mchezo. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu huo, iliua watu Dodoma na Manyara, na baadhi yetu tuliwazika majirani. Kwa hiyo mkija kujenga ghala, pesa ya kwanza iende kwenye sakafu ya kuanikia iliyoinuka, yenye mteremko wa kutoa maji, na turubai. Jengo lifuate. Karanga zianikwe mpaka ukitikisa ganda zinagonga ndani, zilizovunjika na zenye mikunjo zitolewe kabla ya kupima.

Kingine, usiahidi watu kwamba ghala la kijiji litaleta stakabadhi za kukopea benki. Mfumo wa stakabadhi ghalani uko kwenye sheria ya 2005 na ghala linatakiwa leseni: mizani iliyohakikiwa, mtunza ghala anayejua kazi, bima, vitabu. Ghala la kijiji haliingii huko kwa kupakwa rangi tu. Mara nyingi njia fupi ni kupeleka mzigo kwenye ghala lenye leseni lililo karibu kupitia AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, na hapo unarudi kwenye kivuko chako, kwa sababu mzigo lazima uvuke.

Kwa sasa akina mama wanaweza kutumia mifuko ya PICS, ile ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, kwa mbegu na chakula. Kwa alizeti ya kuuza, kodini chumba kimoja kikavu, nunueni mizani, wekeni daftari na funguo mbili kwa watu wawili wa familia tofauti. Mkiendesha hicho chumba misimu miwili bila ugomvi, mnajua mnataka ghala la ukubwa gani.

Kijana wa Mashine

Naongeza dogo. Kama kuna anayefikiria kukamua mafuta huko huko kijijini, angalieni nguzo zenu kwanza. Vijiji vingi umeme wa REA, wakala wa nishati vijijini, umefika kwa njia moja (single phase), unawasha taa na friji. Mashine ya kukamua yenye maana inataka njia tatu (three phase). Nimeona mtu ananunua mashine kwa mkopo, inakaa ndani miezi inasubiri transfoma. Pelekeni maombi ya njia tatu pamoja na karatasi ya kivuko, muonyeshe mtaa wa mashine uko wapi. Mkikamua nyumbani, na mashudu, makapi ya alizeti iliyokamuliwa, yanabaki kwenu kwa ng'ombe na kuku.

Mama Alizeti

Asanteni sana wote. Baba Fundi, shikamoo, nimekusoma zaidi ya mara moja.

Nimefanya hivi. Nimekaa na wazee na akina mama wa vitongoji vyote kwenye darasa la shule, tukachora mwaka mzima kwenye karatasi la manila. Mstari wa kwanza maji ya korongo, mwezi kwa mwezi. Wa pili mazao, lini tunapanda na lini tunavuna. Wa tatu ni lini hela inahitajika: mbegu na kulimisha Novemba na Desemba, mahitaji ya shule Januari. Wa nne tukaandika nani ananunua na kwa njia gani.

Kilichotokea sikukitegemea. Tulipoanza kutaja mashamba, ikaonekana alizeti nyingi ya kijiji hiki inatoka ng'ambo, hata ya watu wanaoishi senta. Wanakaa huku lakini wanalima kule, kwa sababu kule ardhi haijachoka. Mzee mmoja aliyekuwa mkali sana upande wa ghala akasimama akauliza, "Sasa hilo ghala tutalijaza na nini?" Kimya. Hakuna aliyeshinda wala kushindwa, watu walikuwa wanatazama ile karatasi tu.

Tumekubaliana tutakaloupelekea mkutano mkuu: kivuko kwanza, na msimu huu huu sehemu moja ya kukusanyia senta, chumba cha kukodi, mizani na funguo mbili kama alivyosema dada wa Kondoa. Eneo la ghala tulitenge kwenye mpango wa ardhi wa kijiji sasa hivi kabla halijauzwa. Maombi ya njia tatu, kijana wa mashine, nimeyaandika.

Kaya tunazikusanyia takwimu kwa kutumia wenyeviti wa vitongoji, na nimeomba wanawake waulizwe peke yao, kwa sababu zabibu na karanga ni zao na bei wanazijua wao.

Lakini kuna jambo jipya. Tangu Dodoma ianze kujengwa kwa kasi hii, malori yanakuja kuchota mchanga kwenye korongo letu, mita chache chini ya pale tunapotaka kujenga. Wanalipa kidogo kijijini, na wapo wanaotetea hiyo hela. Hii haitatuharibia kivuko?

Fundi Mstaafu

Itawaharibia, na haraka. Mchanga ukichotwa upande wa chini, kitanda cha korongo kinashuka, na yale maporomoko niliyokuambia yanakuwa marefu. Ukuta usiofika mwamba unabaki umening'inia hewani. Hilo ni la kumaliza kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji.

Halmashauri ya kijiji ina uwezo wa kutunga sheria ndogo, ikapitishwa na mkutano mkuu kisha baraza la madiwani. Tengeni eneo la kuchota mbali na kivuko, chini kabisa ambako korongo linapanuka, na mkataze kabisa karibu na kivuko juu na chini. Umbali aupime mhandisi, msikadirie. Ushuru wa mchanga uandikwe kwenye mapato ya kijiji na usomwe kila mkutano wa miezi mitatu, sehemu yake iwe ya matengenezo ya kivuko. Hapo hata wanaotetea hela wataona inakwenda wapi. Malori yenyewe yatataka kupita juu ya sakafu yenu, kwa hiyo mwambieni mhandisi mapema yanapita ya uzito gani.

Na usisahau matengenezo. Kila baada ya mafuriko makubwa mtu akatoe magogo, ajaze mawe yaliyosombwa, azibe nyufa. Kama kaya za TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, kijijini kwenu zinafanya kazi za ajira za muda wakati wa kiangazi, mifereji ya pembeni mwa njia na kupanga mawe ni kazi zinazofaa kuombewa humo. Mifereji itoe maji shambani kabla hayajafika korongoni. Kuna wakulima watashukuru hayo maji kwenye mtama wao.

Jambo la mwisho ambalo nilitaka kuliuliza tangu mwanzo. Hapo penye kivuko, akina mama wanachimba visima vya mchangani wakati wa kiangazi? Kama wanachimba na maji yapo, chini kuna mwamba au udongo mgumu unaoyashika. Hapo mhandisi anaweza kufikiria ukuta unaoshika mchanga kidogo upande wa juu ili maji yabaki ndani yake muda mrefu zaidi, bustani zipate chochote Septemba. Lakini hiyo ni kazi ya kupimwa, maana nilikwambia kuinua sakafu kunaua kingo. Vijana wachukue nondo ndefu na nyundo, wapige chini kila baada ya hatua tano toka ukingo hadi ukingo, waandike imezama kiasi gani kabla ya kugonga. Piga picha ya upande wa chini pia, uiweke hapa. Nataka kuona kama ule ni mwamba umetokeza au ni mawe yaliyoletwa na maji.

Mama Alizeti

Wanachimba, baba, na maji yanapatikana mpaka Oktoba. Nondo tumepata kwa fundi wa senta. Vijana wanaingia korongoni Jumamosi, picha naziweka jioni.